Kilio Nilianzisha Kwetu Butembo

Niwaambie aibu yangu, mais musicheke sana. Nyuma ya miaka mingi ya kuishi Kampala, nilirudia Butembo kuona mama. Ilikuwa saa ine ya asubui, lakini muji ulikuwa kimya. Duka zote zimefungwa, hapana pikipiki hata moja, ukungu umefunika barabara. Nilisikia viatu vyangu tu. Mutu mumoja aliniangalia kwenye dirisha, kisha akafunga pazia.

Kufika kwetu, nikaona shitingi, ile turubai ya plastiki, imefungwa juu ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, viti vimepangwa, na batu wamesimama chini yake, vichwa vimeinama. Pasta amesimama mbele yao. Kwetu, shitingi na viti kwenye lupango ni matanga. Donc mama amekufa, na kwenye telefone walinificha.

Desturi yetu, mutu anaanza kulia tangu kwenye mulango. Mimi nikatupa sakoshi, nikajiangusha kwenye udongo, nikagaagaa.

“Mama, juu ya nini haukuningojea?”

Kisha mukono wa baridi, wenye maji na harufu ya kitunguu, ukanishika shingo. Ulikuwa mukono wa mama.

“Nilikungojea, Kambale,” akasema polepole. “Leo ni ville morte, batu wamegoma, tukajua utatembea kwa miguu. Shitingi na viti ni vya kukupokea, na tulikuwa tunakuombea ufike muzima. Sasa amuka, pasta hajasema amina.”