Kidumu cha Mwigobero

Pale Mwigobero, mjini Musoma, ungemuuliza mtu habari za Fundi Pazi, kabla hajakuonyesha nyumba angekusimulia kwanza habari za mashua. Mashua ya kwenda baharini! Ilikaa uani miaka na mikaka, imeegemezwa kwenye magogo, kuku wakitagia ndani yake, na Pazi akiizunguka kila jioni na randa mkononi. Watu walicheka. Mkewe, Mwanaupe, hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa akiisubiri.

Mwanaupe alizaliwa pwani, kijiji cha wavuvi kilicho jirani na Bagamoyo. Pazi alizaliwa hapohapo Musoma, ila baba yake alikuwa Mzaramo, seremala wa vyombo aliyekuja ziwani enzi za Mwingereza, na kijana alipofikia kuoa, mzee alisema mke atatoka kwetu. Basi Mwanaupe akapandishwa treni akiwa msichana mbichi. Mama yake alimsindikiza hadi kituoni, akamshika mkono, akamwambia, "Nenda mwanangu. Siku yangu ikifika, uje unimwagie maji." Kwao mwanamke akifa huoshwa na wanawake wenziwe, na anayemmiminia maji ni binti yake, kama anaye. Mama yule alikuwa na binti mmoja tu.

Siku ikafika wakati mbaya. Ilikuwa ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, hata sanda ya maiti mpaka kibali. Mabasi yalilala stendi ya Bunda kwa kukosa dizeli. Telegramu ilipofika Musoma, mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na bado Pazi alikwenda hadi Bunda kwa miguu na kwa kudandia magari, akitafuta usafiri, akarudi na vumbi kichwani na mikono mitupu. Mwanaupe alikaa matanga mbali na maiti yake. Wanawake wa jirani, Wakwaya na Wajita, wakaja na unga na kuni, wakakaa naye mkekani bila maneno mengi. Mama alimwagiwa maji na mtu baki. Hilo lilimkaa Mwanaupe rohoni, halikutoka.

Lilimkaa Pazi pia, ila kwake lilikaa kwa namna ya kiume, yaani liligeuka mradi. Aliona haya kwa wakwe. Mkwe gani asiyezika? Akaapa kwamba siku atakayokanyaga kijiji kile hatakanyaga kinyonge. Atakwenda likizo nzima na mashua yake mwenyewe, aliyoiunda kwa mkono wake, aishushe baharini, atege madema, ile mitego ya kusuka, avue kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini wenye magamba na ndevu ndefu ambao baba yake hakuchoka kuwasimulia, kisha aingie ukweni chombo kimejaa. "Mkono mtupu haulambwi, Mama Hasani," alimwambia mkewe. Naye mkewe akakubali. Alidhani ni jambo la mwaka mmoja.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na misumari. Pazi alinyoosha misumari ya zamani kwa nyundo, mmoja mmoja, na mingi ikakatika. Baadaye zikaja zama za ruksa, maduka yakajaa, misumari ikapatikana ya kila namna, na hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu sasa Pazi alikuwa na uwezo wa kuchagua. Misumari ya kawaida haifai, maji ya chumvi yatailia. Tanga la kitambaa cha marekani halifai. Viwanda vya samaki vikafunguliwa, kila mtu akataka mtumbwi wa kuvulia sangara, na fundi akawa hana nafasi. "Mwakani," akasema. Akasema hivyo tena na tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nao Waswahili hawakukosea.

Mipango, lakini, ilikuwa motomoto. Chacha wa Manyamanyama, kule Bunda, angeleta lori lake kuibeba mashua hadi Mwanza, na kutoka huko treni. Pazi alisuka madema mawili ya fito akifuata maneno ya marehemu baba yake. Alijua kwamba kambakoche akijificha kwenye mwamba hutolewa kwa kuonyeshwa pweza, maana humwogopa pweza kuliko mauti. Alilieleza hilo katika kila baraza, yeye ambaye hakuwahi kumwona pweza wala kambakoche, wala bahari yenyewe. Mwanaupe alisikiliza akichambua dagaa. Hakuulizwa kitu hata siku moja, na yeye ndiye aliyezaliwa huko.

Kisha msafiri mmoja akamletea salamu kutoka kwa mama yake mdogo, Bi Tabu. Salamu zilikuwa fupi: macho yanakwisha. Makaburi ya kwao hayana maandishi, mengine yamebaki tuta tu na jiwe, na Tabu peke yake ndiye aliyejua lipi ni la nani. "Mwambie aje nikiwa bado naona."

Mwanaupe alimfikishia mumewe salamu zile, moyo ukimdunda.

"Basi," Pazi akasema, akasimama kabisa, "sasa tunaharakisha mashua."

Mwanaupe alitamani kulia, akaingia jikoni.

Kuharakisha kwenyewe kulikuwa majaribio. Mashua ikateremshwa ziwani, na Pazi akaamua waende nayo Rukuba, kile kisiwa cha kambi za wavuvi, wakifanya kila kitu kama wako baharini. Alimchukua rafiki yake Masatu, mvuvi wa kule rasini, amsaidie tanga. Akapakia madema, nyavu, nanga, makaa, unga, sufuria. Hata chumvi alipakia, mtu anayejifunza kwenda kwenye maji ya chumvi! Mwanaupe alitazama vitu vile vikipangwa, akaona kilichokosekana, akanyamaza makusudi. Alipanda na khanga yake tu.

Katikati ya safari upepo ukafa. Jua likawa kali, wanaume wakashika makasia. Masatu akachota kikombe ziwani, akakipeleka mdomoni.

"We Masatu! Mwaga," Pazi akasema. "Hiyo ni bahari."

"Fundi, acha masihara. Nina kiu."

"Tumekubaliana ni bahari. Unywe, utapike?"

Masatu akamwaga, akicheka. "Haya. Nipe basi maji yako ya baharini ninywe."

Pazi akageuka kuangalia mbele ya chombo, akageuka nyuma. Akainua tanga lililokunjwa, akasogeza madema. Hapakuwa na chupa, wala kibuyu, wala kidumu. Watu wa ziwa hawabebi maji. Tangu utotoni huinama tu wakachota, na mpango wote ule wa miaka, wenye misumari yake na pweza wake, haukuwa na tone la maji ya kunywa.

"Sisi hatubebagi," Pazi akasema polepole.

Hakuongeza neno. Akapiga kasia kwa hasira, jasho likimtiririka, na baada ya muda, bila hata kujua afanyalo, akateremsha kiganja, akachota, akanywa. Masatu akaangua kicheko. Mwanaupe naye akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka, akajikuta analia kwa sauti katikati ya maji.

"Baba Hasani," alisema alipoweza kusema, "sitaki kambakoche. Sikuwataka tangu mwanzo. Nataka kumwagia mama yangu maji. Nimechelewa kumwosha, acha basi nimwagie hata kaburi. Na Bi Tabu akipofuka, nitalimwagia kaburi la nani?"

Masatu aliacha kucheka, akavua kofia. Pazi aliweka kasia magotini. Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua, na macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniambiaga?"

"Nilikuwa nangoja unialike kwetu."

Hawakufika Rukuba. Pazi aligeuza chombo yeye mwenyewe. Siku ileile alimwachia Masatu mashua, avulie sangara, na madema akayatupa juu ya banda la kuku. Juma lile walipanda basi, wakapita Bunda, Mwanza wakachukua treni. Hawakuwa na mzigo wa kutisha, isipokuwa kidumu kimoja cha njano kilichojaa maji, kimefungwa kwa plastiki na kamba, nacho hakikumtoka Pazi mkononi. Mwanaupe alidhani mumewe amejifunza kubeba maji ya kunywa. Lakini njia nzima Pazi alinunua maji ya vituoni. Kiu ilipowashika kule Tabora, mkewe alinyoosha mkono, naye akakivuta kidumu miguuni pake.

"Hiki hapana, Mama Hasani."

Kijijini hawakupokewa kwa kishindo wala kwa lawama. Bi Tabu aliwapapasa nyuso, maana macho yalikuwa yamebakiza mwanga mdogo tu, kisha akawaongoza kwa fimbo hadi makaburini, nyuma ya minazi. Mahali bahari inapoonekana, Pazi aliitupia jicho mara moja, akaendelea kutembea. Bi Tabu akasimama penye tuta dogo lenye jiwe la matumbawe, akaliinamia jiwe, akalishika kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu," akasema.

Mwanaupe alitazama huku na huku akitafuta kisima. Ndipo Pazi alipokata kamba ya kidumu kwa meno, akakifungua, akamkabidhi.

"Maji ya Mwigobero," alisema. "Mama hakuwahi kufika kwetu. Nilitaka aonje tunayokunywaga."

Mwanaupe akapiga magoti. Akaanza kichwani, kama anavyomwagiwa maiti, akateremka taratibu hadi miguuni, akimwita mama yake kwa jina, na mchanga ukayanywa maji ya ziwa yote, mpaka kidumu kikawa chepesi mkononi mwake.