Kamera Yenye Masikio Kwenye Kituo cha Maziwa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa mke mgeni hapa Kilema, bado naogopa hata kucheka kwa sauti mbele ya wakwe, nikamwona shemeji yangu Aloisi anatoka migombani amelowa umande mpaka kiunoni, anachekelea. Alikuwa amejificha humo kulinda maji ya mfongo, yaani ule mfereji wetu unaotoa maji mtoni huko juu na kuyapitisha shamba kwa shamba, kila nyumba na zamu yake. Baba mkwe wangu, Mzee Barnaba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mfongo. Aloisi alikimbia kumpa habari: amemkamata Mzee Sirili akijifungulia maji siku isiyo yake.

Nilidhani mzee atachukua fimbo amwendee Sirili. Hakuinuka hata kidogo. Akamuuliza mwanawe, "Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma ya migomba, baba."

"Sirili alikuona?"

"Angenionaje, na nilijifunika majani makavu mwili mzima?"

Mzee akaweka bakuli lake la uji chini. "Basi umeniharibia mfongo. Sirili nitamtoza faini, hiyo ni kazi ndogo. Lakini kuanzia leo, kila anayepita migombani atadhani kuna mtu amejifunika majani."

Na kweli, mvua ilipobomoa kingo na pembe ikapigwa watu watoke kutengeneza, walitoka wachache, nao walichimba kwa kutazamana kwa pembeni. Aliyekohoa alidhaniwa anatoa ishara. Ilibidi Mzee Barnaba amkalishe Aloisi juu ya kingo, mahali peupe, amevaa lile koti lake jekundu ambalo hata kipofu angeliona, ndipo watu wakaanza kurudi polepole. Sirili mwenyewe alikuwa wa kwanza kumtania: "Leo umelala wapi, bwana majani?"

Nakueleza haya kwa sababu najua unataka kufungua biashara yako, na najua kitu cha kwanza utakachonunua ni kamera.

Mjukuu wangu Redempta ana kituo cha maziwa hapa hapa kijijini. Akina mama tunapeleka maziwa asubuhi, yanapimwa, yanaingia kwenye tangi la kupozea, mengine anagandisha mtindi anaouza mtaa wa Pasua huko Moshi mpaka kwenye hoteli za mjini. Ni mtoto mwenye akili, sitamnyima sifa yake. Umeme ukikatika, lile tangi linamtumia ujumbe kwenye simu akiwa Moshi, naye anampigia mtu awashe jenereta. Hilo nalipenda. Maziwa yetu hayajawahi kuharibika tena kwa kukosa umeme. Kisha keni zikaanza kuibiwa, akamleta fundi kutoka mjini, kijana anaitwa Gervasi, akafunga kamera. Tulimwona akipanda ngazi. Tukajua ni za wezi wa keni, tukashukuru.

Sasa kuna jirani yangu, Felista. Huyu ana mdomo, na mdomo wake unatuchekesha sote. Siku moja mvua inanyesha, tumesimama nje kwenye foleni, Felista akasema, "Oneni tangi lilivyolala chini ya paa lake kama bwana harusi, na sisi tunalowa. Bora ningezaliwa tangi!" Tukacheka mimi, Getruda, Apolonia, Honorina, na Veneranda mwenye ule ng'ombe mweusi. Hakukuwa na mtu mwingine.

Kesho yake Redempta akapanda mwenyewe kutoka Moshi. Foleni ilipomfikia Felista, akamwambia mbele yetu sote, "Mama, wewe si ulitaka kuzaliwa tangi? Basi kaa pembeni hapo upoe. Wenzako wapite kwanza." Felista akakaa. Jua lilikuwa limetoka kali, na maziwa yake yalipokuja kupimwa mwisho yakaonekana yamechachuka, yakakataliwa. Alirudi nyumbani na keni imejaa, akipita njia ile ile tunayopita wote, mchana, kila mtu akimwona. Huku kwetu mwanamke aliyerudishwa na maziwa yake anaanza kusemwa hata kuwa anatia maji.

Wale wanne wakanigeukia mimi. Nani mwingine angepeleka maneno? Mimi ndiye bibi wa mwenye kituo.

Mwanangu, sijui kama umewahi kufika mahali mazungumzo yakakatika kama redio iliyozimwa. Getruda, aliyezoea kunipokea keni pale kwenye kilima, akawa anapita mbio akiinamia viatu vyake. Nikisema jambo, najibiwa "ndiyo mama," basi. Jumuiya ilipopangiwa kusali kwangu, nikapika kiburu, zile ndizi zetu na maharage, sufuria nzima, nikafagia ua, nikapanga viti. Akaja Honorina peke yake, akakaa karibu na mlango, akasali haraka haraka, akasema ana ng'ombe anaumwa. Na mimi niliyaona majani ya ng'ombe wake mwenyewe yakishushwa jana yake kutoka Kahe, mzigo mzima. Ng'ombe mgonjwa hali mzigo mzima.

Sitakuficha, na mimi nikaanza kuwashuku wao. Usiku wangu ulikuwa majina tu. Nikasema ni Apolonia, maana mwanawe anaomba kazi kwa Redempta. Kisha nikasema hapana, ni Veneranda. Nikamchunguza hata Honorina katika kusali kwake.

Redempta akaja kunitembelea Jumapili na mkate. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa, akaanza kucheka. "Bibi, umeanza kuzeeka kweli. Juzi unalisalimia tangi kwa Kichagga! Eti limeamkaje!"

Nilicheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Kwa sababu siku ile nilifika mapema, mlango uko wazi, mpimaji wa maziwa amekwenda kuchota maji. Kulikuwa na mimi na tangi.

"Nani amekuambia?"

Akaanza kuukata ule mkate. Nikamuuliza tena. Ndipo akatoa simu, akabonyeza, na hapo kiganjani mwake nikaona kituo chetu kizima, na mpimaji anafagia, na nikasikia ule ufagio unavyokwaruza sakafu. "Zilikuja na sauti, bibi. Sikuagiza. Gervasi aliziwasha tu, nikaziacha."

"Ukasikia Felista."

"Nikasikia."

"Na mimi ukaniacha niitwe mmbea na majirani zangu."

"Sikujua kama wanakushuku wewe, bibi."

"Ulidhani watamshuku nani? Tangi?"

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kifuani tangu alipobonyeza ile simu. "Na nani mwingine anasikia?"

"Mimi tu."

"Na aliyefunga?"

Nilimwona uso unabadilika. Akampigia Gervasi, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Yule kijana alijibu kwa uchangamfu kabisa, "Ndiyo dada, mimi pia ninazo hapa kwangu, ni kwa ajili ya kukusaidia zikiharibika. Hata siku ile unapatana na watu wa hoteli nilikuwa nacheki, nikasema dada yangu mkali!" Akacheka. Redempta akakata simu bila kuaga. Alikuwa amefanyia mapatano yale yote palepale kwenye kituo, akidhani yuko peke yake.

Nikamwambia habari ya Aloisi na majani makavu. Kisha nikamwambia atoke nje akakate isale kwenye ua. Wewe uliyekulia mjini labda hulijui vizuri: ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka, na anayekuja kuomba radhi analishika mkononi. Aliyekosewa akiletewa isale hakatai.

"Bibi, nisitume tu ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kituo? Wote wataupata mara moja."

"Ulimwaibisha kwenye simu?"

Akaenda kukata.

Asubuhi yake alisimama mbele ya foleni, jani mkononi, akasema mwenyewe jinsi alivyosikia, na kwamba bibi yake hakusema neno. Felista, aliyekuwa akipita hapo na keni yake, alilipokea isale kwa mikono miwili. Akasema, "Aika, asante. Nimekusamehe mwanangu." Halafu akainua keni yake akaendelea na safari, maana alikuwa ameshapata mnunuzi upande wa Marangu, na mpaka leo anampelekea huyo. Kusamehe alisamehe. Kurudi hakurudi.

Redempta alimwondoa Gervasi, akatafuta fundi mwingine akazima sauti zote na kubadilisha namba za siri, na moja akampa Getruda aishike kwa niaba ya akina mama, asiweze mtu mmoja kufungua peke yake. Kamera zikashushwa chini kidogo, zionekane. Getruda ananipokea keni tena. Lakini nikwambie ukweli wa mtu mzima: nikifika pale bado naangalia juu kabla sijafungua mdomo, na Honorina naye namwona anaangalia juu.

Basi sikia. Mtambo ukiletwa kwenye biashara yako, usiulize tu unafanya nini. Uliza nani mwingine ameushika, uulize mbele ya huyo fundi, na usikubali akujibu kwa kicheko. Watu wako waambie kamera iko wapi na inachukua nini, kabla hawajaigundua wenyewe. Ulichosikia bila wao kujua usikitumie kuwapiga nacho, hata kwa mzaha. Mzaha wa mkubwa ni mzito kuliko keni iliyojaa. Na ukijiona unapenda kusikiliza, jishuku wewe kwanza kabla hujamshuku mtu yeyote kwenye foleni. Mimi nilipoteza jumuiya yangu na sikuwa nimesema neno. Wewe utapoteza zaidi.

Mungu akubariki mwanangu, akupe wateja na wafanyakazi watakaokulalamikia usoni, wacheke mbele yako bila kuangalia juu, na siku ukipanga viti uani kwako, vijae.