Mnara Apimwa Mruko

Mwanamume mmoja wa kikosi cha zimamoto alikuwa mrefu mpaka akadhani urefu ni cheo. Wenzake walimwita Mnara, na jina hilo alilivaa kama nishani. Kila mlango aliuinamia, hata ule uliompitisha bila tabu, ili mradi watu waone.

Miaka nenda miaka rudi alikaa dirishani kwenye gari la kwanza, lile linalotoka king'ora kikianza tu kulia, na watoto wa mtaa wakimpungia mkono yeye, si dereva. Basi akaja mkuu mpya wa kikosi, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, akatangaza kwamba kila mtu atapimwa mruko. Atakayeshindwa hapandi tena gari la kwanza. Atabaki stoo kuanika mipira ya maji. Mnara alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hao wafupi wamekwisha," alimwambia mkewe jioni, amejinyoosha kwenye kochi, miguu imevuka sebule yote inaelekea jikoni. "Mimi ule ukuta naufikia juu nikiwa nimesimama. Niruke ya nini?"

Mkewe, ambaye usichanani alichezea timu ya netiboli na mpaka leo ukimchokoza atakuonyesha, aliacha kukata vitunguu.

"Baba Pacha, hawapimi umefika wapi. Wanapima umeruka kiasi gani. Unaweka alama ya kwanza umesimama, ya pili umeruka. Kilicho katikati ndicho chako."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo tulivyopimwa mimi sijaolewa. Njoo uani nikuonyeshe. Unakunja magoti, unatupa mikono nyuma, halafu unairusha juu na mwili unafuata. Na ukishuka usikae huko chini! Shuka-panda, neno moja."

"Nichuchumae? Mtu mzima kama mimi, majirani wananitazama?"

"Haya, kaa na utu uzima wako."

Akakaa nao. Wenzake walipojizoeza nyuma ya gereji, yeye alisimama pembeni mikono kiunoni akiwakosoa. Kazi ngumu sana hiyo, ya kuwakosoa wanaotoka jasho.

Siku ikafika. Mkuu akawapaka chaki vidoleni. "Ubavu ukutani, visigino chini, nyoosha mkono."

Dereva wa gari la pili, mfupi wa kimo lakini si wa akili, aliinua mkono kivivu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Mkuu akamsukuma bega juu. "Nyoosha, usinifanye mtoto!"

Mnara hakuhitaji kusukumwa. Alivuta pumzi, akajivuta kuanzia visigino mpaka kucha, mbavu zikaagana, akaweka alama yake kule juu ambako hata fundi wa rangi hakujisumbua kufika.

"Mmeona?" aliwauliza wenzake.

Walikuwa wameona. Wengine wote walikuwa wameiba kidogo kwenye alama ya kwanza, wakaiweka chini ili mruko uonekane mrefu. Huyu peke yake kajiongezea mlima, tena kwa tabasamu.

Mkuu akachukua rula ya mbao. "Naisimamisha hii juu ya alama ya kwanza, na ya pili iipite. Mna nafasi tatu."

Mara ya kwanza Mnara aliruka wima kama ubao, akitumia vifundo vya miguu tu. Baina ya alama mbili ukaenea upana wa kiganja.

"Afande, lakini mimi ndiye niliyegusa juu kuliko wote!"

"Ningetaka mtu wa kugusa juu ningeleta ngazi. Ruka."

Mara ya pili akakunja magoti, lakini heshima yake ikamzuia huko huko chini. Alibaki amechuchumaa akiangaza nani anamcheka.

"Mnara, umedondosha kitu?" dereva akauliza.

Alipokuja kuinuka, nguvu zilishaondoka bila yeye. Rula ikamshinda tena.

Ikabaki moja. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, na gari la kwanza limeegeshwa pale pale, linang'aa. Akilini aliona kiwiko cha yule dereva mfupi kimetoka nje ya dirisha lake yeye Mnara, watoto wanampungia. Akasogea ukutani, midomo ikacheza, na waliokuwa karibu walimsikia mzee mzima akinong'ona, "Shuka-panda, shuka-panda." Akatupa mikono nyuma kama kuku anayefukuzwa jikoni, akazama, akaibuka papo hapo.

Chaki ikapita rula kwa ncha ya kidole.

Namna ya kutua hakuwa ameuliza. Alitua miguu imenyooka, meno yakagongana.

"Umepita," mkuu akasema. "Ila umetua kama gunia."

Nyumbani aliwasimulia wanawe pacha namna alivyoruka, akisimulia ameketi, magoti yamefungwa vitambaa vya maji moto. Mkewe alicheka tu, akamwongezea maji.

Kesho yake asubuhi king'ora kikalia. Kiti cha dirishani kilikuwa chake, hilo halikuwa na ubishi. Tatizo likawa kukifikia. Aliinua mguu mmoja, ukagoma. Akainua wa pili, ukamuunga mkono mwenzake. Ikabidi yule dereva mfupi amwekee bega nyuma na kumpandisha kama kabati linalohamishwa.

"Taratibu bwana, unaniumiza!"

"Panda, mzee, nyumba ya watu inaungua!"