Plasta Kwenye Koki

Wodini walimwita Nesi Plasta, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mdomo mkali, asiyejua kubembeleza mtu, na mfuko wa sare yake haukukosa roli la plasta nyeupe. Kazi ya plasta ile haikuwa vidonda. Kila alipomvisha mgonjwa wa kifua kibovu mpira wa puani, alifungua koki ya mtungi wa oksijeni taratibu, akaitazama gololi ya kupimia hewa ikipanda ndani ya kioo chembamba kilicho juu ya mtungi, na ilipofika alipotaka yeye, alikata kipande cha plasta akakibandika juu ya koki ili isizunguke. Kisha aliwageukia ndugu wa mgonjwa na kuwaambia kwamba mkono wa mtu usipite hapo. Maelezo mengine hakuna.

Ndugu walimchukia, na nani awalaumu? Unamwona baba yako anahema kama mtu anayepanda mlima, ilhali amekaa kitandani. Mtungi uko kando yake, umejaa, halafu nesi anampimia hewa kwa kijiko. Walisema ana roho mbaya. Walisema anaibania ile oksijeni utadhani ameitoa kwao. Nesi aliyasikia yote na akapita zake. Angeweza kuwaeleza kwamba aliyeishi na mapafu mabovu miaka mingi, mwili wake umeshazoea hewa kidogo. Ukimjaza oksijeni kupita kiasi anazidi kupumua polepole, pumzi chafu aliyopaswa kuitoa inabaki na kujaa kwenye damu, analala, na kutoka usingizi ule hana jinsi ya kuamka. Ni maneno machache tu. Hakuyasema kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na manesi wawili, na kwa sababu, tusifichane, alipenda kutiiwa bila kuulizwa.

Siku baba yake mwenyewe alipoletwa pale, mzee alikuwa anatoa neno mojamoja, mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mchana alivuta moshi wa kazini, jioni alivuta sigara, na kwa mkewe moshi ulikuwa wa kuni, kwenye jiko lisilo na dirisha. Nyumba nzima ilikohoa asubuhi kama kawaida ya watu wengine kunawa uso. Nesi alimvisha baba yake mpira wa puani, akafungua koki, gololi ikapanda mpaka pale pake. Mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta plasta. Mama yake akauona.

"Na baba yako naye umfungie hewa?" mama akauliza. "Kama mwizi?"

Mama hakuwa mtu wa kelele. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, machozi yakimlengalenga, na kaka yake Nesi amesimama pale pale, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wametega masikio. Nesi aliona haya. Yeye aliyewahi kumfukuza wodini mkubwa mmoja wa polisi kwa sababu ya koki, mbele ya mama yake alinywea. Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akawaomba tu wasiiguse, akaenda zake kugawa dawa.

Kesho yake aliingia zamu ya mchana. Toka mlangoni alimwona mama yake anatabasamu, akashtuka, kwa sababu kwa mgonjwa yule hapakuwa na la kutabasamia.

"Leo afadhali," mama akasema. "Asubuhi alihangaika sana, nikamwongezea kidogo. Nikamwongezea tena. Tazama alivyolala."

Gololi ilikuwa juu kabisa. Baba alikuwa amelala mdomo wazi, uso umetulia, mikono ya moto imelowa jasho, na kati ya pumzi na pumzi ungeweza kudhani amesahau kupumua. Nesi alimwita. Akamfinya bega, akamsugua kifua kwa ngumi. Mzee hakufumbua jicho. Nesi akaishusha gololi, akamwita daktari, akachukua mpira wa kukamulia pumzi akamfunika baba yake mdomo na pua na kuanza kukamua. Walipokezana kukamua mpaka mikono ikafa ganzi. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja hospitali nzima, na ilikuwa na mtu. Baba akakata roho huku mkewe ameegemea ukuta, anatazama.

Sasa mama aliona nini? Aliona mumewe amelala raha mustarehe. Aliona binti yake anaingia, anashika koki, anapunguza. Halafu akaona mumewe anakufa.

Msibani habari zilimtangulia. Kaka yake alimwambia mbele ya watu kwamba amezoea kuua wa wenzake, safari hii amemaliza wa kwake. Shangazi alipoona Nesi ameketi kando yake, alijikusanya akahamia mkeka mwingine. Nesi alifungua mdomo kujibu, akamwona mama yake amejikunyata pembeni na shuka mabegani, akaufunga. Ukweli aliokuwa nao ungemsafisha yeye na kummaliza mama. Akaumeza. Na mtu asije akadhani kumeza kule kulimlainisha. Kulimfanya mchungu. Wodini plasta zilizidi, ulimi ukazidi, manesi wageni walilia chooni kwa sababu yake. Alipokwenda kumsalimia mama, alifunguliwa mlango nusu, akaitikiwa salamu hapo hapo kizingitini, basi akageuza. Aliumia kila safari, na kila safari alirudi tena.

Miaka ikapita, kifua cha mama nacho kikagoma. Kaka alimleta hospitali kwenye wodi ya wanawake, na msimamizi wa wodi hiyo sasa alikuwa Nesi Plasta. Mama alimwambia daktari kwamba yule asimshike. Daktari alimjibu kwa upole kwamba akimkataa huyo atabaki na kuta. Mama akageukia ukuta.

Nesi alibandika plasta, mama akaibandua kwa kucha. Alibandika mbili, mama akamwomba mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa na nguvu kidogo, naye akazibandua kwa moyo mmoja, maana alishasimuliwa habari zote. Ndipo Nesi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipojaribu kueleza. Alipiga magoti kando ya kitanda akasema kwamba hewa hii ikizidi inalaza, na anayelazwa nayo haamki. Mama alimsikiliza, akamjibu kwamba yeye amewahi kumwona aliyelazwa nayo, na alikuwa salama mpaka Nesi alipofika.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka analalamika kichwa. Akianza sentensi, alisinzia katikati yake. Nesi alijua kinachokuja, alishakiona kwa mtu wa nyumba hiyo hiyo. Saa ya kuona wagonjwa alikuta kaka yake ameketi kitandani, wageni wamejaa, na gololi iko juu. Aliponyoosha mkono kwenye koki, mama akamkamata kifundo cha mkono.

"Mwoneni huyu," mama akaiambia wodi, akihema. "Alimuua baba yake. Sasa ni zamu yangu."

"Baba ulimuua wewe, mama," Nesi akasema.

Hakupaza sauti, lakini kila kitanda kilisikia. "Wewe ndiye uliyemwongezea, ukamwongezea tena. Mimi nilimkuta keshakwenda. Na wewe utalala hivyo hivyo, ukiendelea kushika hii koki."

Ningependa kusema aliyatamka ili kumwokoa mama yake. Nusu ilikuwa hiyo. Nusu nyingine ilikuwa hasira ya miaka yote ile, na alipokuwa anayasema yalikuwa matamu mdomoni, na alipomaliza yalikuwa yamekwisha utamu. Kaka yake aliitazama koki, akamtazama mama, akainamisha kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alivuta shuka mpaka kidevuni.

Mama aliachia kifundo cha binti yake. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya shuka, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena.

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua."

Mama alivuta pumzi, moja, nyingine, kama mtu anayetafuta nauli mfukoni. Hakulia. Watu wote pale walimngoja alie na hakulia.

"Basi bandika," akasema.

Nesi aliishusha gololi mpaka pale pake na kukata plasta. Plasta ikajikunja na kunatana, akaitupa akakata nyingine. Mama alimtazama mpaka kipande kikakaa sawasawa juu ya koki na kupigwa pasi kwa kidole gumba.

"Ungebandika na siku ile," mama akamwambia. "Mimi nani hata ukanisikiliza?"

Alipona. Alirudi nyumbani na mtungi wake, na Nesi ndiye aliyekwenda kuufunga kando ya kitanda, mlango ukiwa umefunguliwa wote. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na koki ile hakuigusa hata siku moja.