Ng'ombe Niliyembatiza

Nilimbatiza ng'ombe. Nianzie hapo, maana nikianzia kwenye mishale mtanidhania shujaa, na katika vita vile mimi sikuwa shujaa hata kidogo. Nilikuwa mtoto wa mwinjilisti, darasa la nne, mwenye kisu cha kuchongea fimbo na mdomo usiopumzika.

Sasa niko darasa la nane katika shule ya kati ya misheni, na bado nachapwa kwa kuwachekesha wenzangu wakati wa sala. Lakini mchezo ule sijaurudia.

Kilikuwa kiangazi. Mto Mara ulikuwa umepungua mpaka mawe ya kivuko yakatoa migongo nje, na ng'ombe wa ng'ambo walikuwa wakivuka wenyewe kuja kulamba udongo wa magadi upande wetu, chini ya kijiji chetu, Kerende. Hakuna aliyeona ubaya. Wetu nao walikuwa wakivuka kwenda kwao. Jumapili iliyotangulia mchungaji alikuja na baiskeli yake, akabatiza watu mtoni, na wiki nzima nilikuwa nikiigiza sauti yake malishoni. Alikuwa na sauti ya puani kama mbuzi mwenye mafua.

Tulikuwa wawili, mimi na Mwita, mtoto wa jirani yetu. Kwao hawakuwa wasomaji, yaani Wakristo. Baba yake alikuwa akisema dini ni ya watu waliochoka kunywa pombe. Tukamwona maksai mwekundu, mpole, pembe moja imeinamia jicho, anakula udongo kama anakula ugali.

"Huyu wa ng'ambo," Mwita akasema. "Wa Mzee Wambura. Mpagani kabisa."

"Basi anahitaji wokovu," nikasema.

Nikaivaa shuka yangu kama kanzu, nikachota maji kwa kibuyu. Nikamwuliza maksai, kwa sauti ya puani, kama yuko tayari kuacha pombe na wake wengi. Nzi akamsumbua, akatikisa kichwa.

"Amekataa kuacha wake," Mwita akasema.

"Ni maksai, mura. Wake wa nini?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikammwagia maji, nikampa jina la Petro. Mwita akauliza, na cheti? Maana mchungaji alikuwa ametoa vyeti, na watu walivibeba kichwani wasivikunje. Ndipo nikatoa kisu. Mwita akashika pembe. Nikamkata maksai sikio la kushoto, mapengo mawili, kama nilivyomwona Tata, yaani baba yangu, akiwakata ndama wetu.

Kwetu sikio la ng'ombe ndiyo hati yake. Kila nyumba ina mkato wake. Ukisema ng'ombe ni wako, na sikio likasema si wako, watu watasikiliza sikio. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Siwezi kusema sikujua.

Petro akanguruma, akatuburuta, akakimbilia kwenye kichaka kinene cha bondeni. Tukanawa damu, tukaswaga ng'ombe wetu nyumbani. Jioni nilikula vizuri.

Asubuhi wakaja wanafuata kwato. Hiyo nayo ni sheria ya zamani kuliko Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Tarime: nyayo za ng'ombe aliyepotea zikiishia kwenye ardhi yenu, nyinyi ndio wa kuonyesha zilikoendelea, la sivyo mtamlipa. Mzee Wambura alikuja na wanawe na watu wao, pinde mabegani, lakini kwa adabu, na wakasimama kusubiri magadini, mahali kwato zilipochanganyika na za ng'ombe wengine. Hakuwa mgeni kwetu. Tangu mvua za mwaka ule alikuwa akivuka mto kumsikiliza Tata akihubiri, na alikuwa ameandikwa kwa ubatizo unaofuata. Alikuwa mzee mkubwa, na alikaa na watoto kwenye darasa la dini bila aibu, akikosea kukosea.

Tata aliniita pembeni kabla ya kushuka kuwaona.

"Chacha, jana mlichunga magadini. Mmemwona maksai wa Wambura?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Kwa kumkata ng'ombe wa watu ningechapwa, na fimbo nilikuwa nimezizoea. Lakini angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumweleza habari ya ubatizo. Tata hakuwahi kucheka juu ya jambo hilo. Yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mtu mzima, na ndugu zake walimsusa kwa ajili hiyo. Niliona afadhali maksai apotee kuliko Tata ajue nimeyachezea maji yale.

"Hapana, Tata."

Mwita, aliyekuwa amenifuata, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Kule chini wazee wa pande zote mbili walitaka Tata aape kiapo cha mila. Akasema yeye ni mtu wa Yesu, haapi hivyo, ila atatoa neno. Vijana wa ng'ambo wakaguna. Mmoja akasema, "Neno halina meno." Mzee Wambura akainua mkono.

"Mwacheni. Neno la huyu linanitosha. Nikilikataa leo, nakwenda kubatizwa kwa ajili ya nini?"

Tata akavua kofia. Akasema, "Hakuna mkono wa nyumba yangu uliomgusa maksai wako. Ikiwa ni uongo, usinisikilize tena, hata nikikuhubiria uzima wa milele."

Nilikuwa nimesimama hapo. Umbali wa kumgusa. Mdomo usiopumzika, siku hiyo ulipumzika.

Wambura akashukuru. Wakageuka kurudi, na watu wetu wakaanza kupanda kilima. Walipofika bondeni, mtoto mdogo wa Wambura, kijana aliyekuwa ametoka jandoni msimu ule, akasimama akasikiliza. Ng'ombe alikuwa analia kichakani.

Wakamtoa. Damu ilikuwa imekaukia shingoni. Kijana akalishika lile sikio, akaligeuza lionekane kwa wote.

Mapengo mawili, sikio la kushoto.

Mzee Wambura hakupiga kelele. Alimtazama Tata kwa mbali, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma herufi ngumu.

Ni vijana waliopiga yowe.

Yowe haliulizwi kwetu. Ukilisikia unachukua upinde unakimbia, sababu utaijua baadaye kama utarudi. Lao likavuka mto. Letu likajibu juu ya kilima. Punde nikaona watu wanashuka kila upande, na ngao, na mikuki, na baba yake Mwita amefunga shuka kiunoni.

Mama alinishika mkono. Wanawake walikuwa wanakimbilia kanisani.

Sikwenda. Niliuchomoa mkono.

Tata alishuka peke yake, mikono mitupu, katikati ya nafasi iliyobaki. Alifika kwa maksai. Akalishika sikio, akapitisha kidole kwenye mkato.

Akainua uso.

"Alama ni ya nyumba yangu," akasema kwa sauti ya kanisani. "Neno nililowapa halikuwa kweli. Ng'ombe wenu huyu hapa. Mwenye kudaiwa ni mimi."

Hakugeuka nyuma. Hakunitafuta kwa macho.

Akashika kamba waliyomfungia, akaanza kumwongoza maksai kumpelekea Wambura. Alitembea polepole ili wote waone. Nadhani kama angefika, wangekaa chini wazungumze.

Mshale ulimpata chini ya mbavu.

Sikumwona aliyeupiga. Nilimwona Tata amekaa chini, bado ameshika kamba.

Baada ya hapo siwezi kupanga vizuri yaliyotokea. Nakumbuka vumbi na sauti ya ngao. Nakumbuka nimelala kwenye shimo la kuchimbia udongo wa nyumba, na mtu akaruka juu yangu, sikujua ni wetu au ni wao. Kaka yake Mwita alipita anakimbia, kisha hakupita tena.

Watu wanne walimbeba Tata juu ya ngozi ya ng'ombe mpaka kanisani. Niliwafuata kwa kutambaa.

Sumu ya mishale yetu haina haraka sana, lakini haina msamaha. Mama alikuwa amemweka kichwa mapajani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Aliomba maji, akashindwa kuyameza. Halafu akasema, "Sikujua." Akapumzika, akasema tena, "Sikujua."

Wanawake wakasema anaweweseka. Mzee mmoja wa kanisa akainama akamwuliza, "Hukujua nini, mwinjilisti?" Alikuwa anatazama paa, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeoza, ambapo kila Jumamosi alisema atapaziba.

Mimi ndiye niliyejua asichokijua. Nilikuwa miguuni pake. Ningesema maneno mawili tu, naye angekufa akijua ukweli, na waliokuwepo wangejua kwamba hakusema uongo.

Nikatazama paa pamoja naye mpaka nikabaki nikilitazama peke yangu.

Mapigano yaliendelea kesho yake. Nyumba za upande wetu wa mto ziliungua, na za kwao vilevile. Kaka yake Mwita alikutwa kwenye mtama. Yule kijana wa Wambura aliyesikia ng'ombe akilia, naye alikufa, na alikuwa bado hajapona vizuri kidonda cha jandoni. Ndipo lori la askari likaja kutoka Tarime. Bwana Shauri akakaa kwenye kiti cha kukunja, akakusanya ng'ombe wa faini pande zote mbili bila kuuliza sana. Petro naye aliondoka humo. Nilimwona akipanda kilima na wenzake, sikio linaanza kupona.

Wazee wa kanisa walikutana nje, chini ya dirisha la kanisa, nami nilikuwa ndani, kwa hiyo niliwasikia. Kulikuwa na kiwanja kidogo kando ya kanisa, na Tata mwenyewe ndiye aliyekifyeka kwa ajili ya kuwazika waamini. Wakabishana. Mwinjilisti amekiri mbele za watu kwamba neno lake lilikuwa uongo, na sikio la ng'ombe limeshuhudia. Mmoja akamtetea akasema amekufa akirudisha mali ya watu. Mkubwa wao akafunga maneno: "Mbinguni Mungu ataamua. Kiwanja hiki ametuachia sisi."

Tukamzika nyuma ya zizi. Ile rimu ya gurudumu iliyokuwa kengele yetu haikupigwa.

Mama aliendelea kwenda kanisani. Alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na watoto wa wenzake walikuwa wakigeuka kumtazama. Aliimba kama kawaida yake, juu kuliko wote na nje kidogo ya sauti. Ulipofika wimbo wa kukutana ng'ambo ya mauti, alikuwa akifumba macho. Mimi nilikuwa nikiyatoa yangu. Wenzangu walikuwa wanaogopa moto. Mimi niliogopa mbinguni, maana huko ndiko ningemkuta Tata.

Watu walisema mtoto amekuwa mpole kwa sababu ya msiba. Walinipa maziwa. Nikayanywa.

Mzee Wambura hakuvuka tena. Tulisikia amerudisha kitabu cha dini kwa mtu aliyekuwa akienda mnadani, na ameagiza neno: tulikuwa watu wa kawaida tu, kwa nini tulijifanya wengine? Habari hiyo ilikuja jioni moja, mama akiwa anapika, na yule mjumbe aliisema akicheka kidogo, kwa haya. Mama akamkaribisha chakula. Alipoondoka, hakula yeye.

Nimejaribu kuupima msiba ule, kwa kuwa shuleni tunafundishwa kupima. Kaka yake Mwita, kijana wa Wambura, na wengine ambao sikujua majina yao, walikufa kwa kisu changu, ingawa hakikumgusa hata mmoja. Hao nimewaweka upande mmoja. Upande wa pili nimeweka jina la mtu mmoja aliyekuwa na shati moja jeupe na neno moja, na neno hilo nililivunja mimi nikiwa nimefunga mdomo. Mizani inakataa kutulia. Ninapochekesha darasa sasa, huwa natazama kwanza kama kuna mtu amesimama pembeni amenyamaza. Nimejifunza kwamba mwenye kunyamaza ndiye wa kuogopwa.

Nilimwambia mama asubuhi moja ya mavuno. Alikuwa anapepeta wimbi uani, na upepo ulikuwa mzuri. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeleta maji, nikatua ndoo, nikaanza na sauti ya puani ya mchungaji, sijui kwa nini, halafu sauti ikakatika nikaendelea na yangu. Nilimwambia kuhusu kibuyu, jina, cheti, kisu. Nilimwambia Tata aliniuliza nini na nilijibu nini. Nilimwambia "Sikujua" maana yake ni nini.

Ungo haukusimama mpaka nilipofika hapo. Kisha ukasimama.

"Mwita alikuwepo?"

"Alishika pembe."

"Na kisu?"

"Nilikitupa mtoni."

Aliuweka ungo chini, akakung'uta makapi kwenye kanga. Nilikaza shavu. Nilitaka anipige, ningeona ni malipo. Hakunipiga. Alitazama upande wa mto kwa muda, midomo inatembea bila sauti, sijui alikuwa anaomba au anahesabu ni nani bado yuko hai kule ng'ambo. Aliponigeukia macho yalikuwa makavu, na alisema hivi, sijaongeza wala sijapunguza:

"Mungu alijua siku ile ile. Baba yako sasa amejua. Wasiojua ni watu tu. Vaa shati, tunaanzia kwa Wambura."