Chupa Niliyoipasua

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mimba yake ya kwanza. Alifika asubuhi akitembea mwenyewe kwenye zahanati ndogo nilikokuwa mkunga, wilayani Muleba, mama mkwe wake nyuma na beseni la khanga. Nilimpima. Njia ilikuwa imefunguka nusu, chupa ya uzazi bado nzima, kichwa cha mtoto bado juu.

"Chupa tutaiacha," nilimwambia. "Inamlinda mtoto. Kichwa kikishuka itapasuka yenyewe."

Saa nane mchana alikuwa amechoka mpaka anatetemeka, na kichwa hakijashuka. Akanishika mkono akinibembeleza.

"Waitu nesi, nipasulie. Nisaidie yaishe."

Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nilimwonea huruma, na kusema kweli, nilikuwa nimechoka kumsikia akilia. Nikapasua.

Maji yalimwagika kwa nguvu, na kitovu cha mtoto kikateleza nje mbele ya kichwa. Niliingiza mkono nikakisukuma kichwa juu kisije kikabana kitovu, huku nikimpigia kelele mhudumu aite gari. Tukaenda hospitali hivyo hivyo, yeye kapiga magoti na kuinama, mimi nyuma yake. Mapigo ya mtoto yalikuwa yakigonga vidoleni mwangu. Tulikuwa bado njiani yalipokoma. Sikumwambia. Mkono sikuutoa.

Alikuwa binti.

Siku aliyoruhusiwa, yule mwalimu alinishika bega akasema, "Asante, nesi. Hukuniacha."

Shukrani hiyo ilinishinda. Baada ya mwezi nilimfuata nyumbani kwao Izigo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anamenya ndizi za mchana.

"Chupa ile sikupaswa kuipasua," nikasema. "Kichwa kilikuwa juu. Nilijua."

Akaendelea kumenya. "Si mimi niliyekuomba?"

"Kuomba ilikuwa haki yako, mwalimu. Kukataa ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Kisu kikasimama. Hakulia, wala hakunitukana.

"Basi nenda, nesi," alisema. "Nenda tu."

Nikaenda.

Mwaka juzi alijifungua mtoto wa kiume, mzima, Bukoba mjini, kwa mkunga mwingine. Habari nilizipata kwa mama mkwe wake, alipokuja kuchukua dawa za presha. Nilimpa hongera na dawa zake. Kisha nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia.