Jua la Anaeli

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyomcheka Anaeli jikoni kwa bibi. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa binti mwenye mdomo, siambiliki. Anaeli alikuwa mchumba wangu. Kwao walikwisha kutuletea pombe ya ndizi ya kwanza, ya posa. Alikuwa mpishi wa mmisionari, na aliwahi kufuatana naye likizo hadi kwao, kaskazini ya mbali huko Ulaya.

Akatuambia kwamba kule, mwezi wa sita, jua halitui. Watu wanalala na jua lipo. Nikamwuliza kama kuku wa huko nao hawalali. Hakukasirika. Alichukua kibuyu cha bibi, akakipaka alama ya majivu kichwani na nyingine tumboni, akakiinamisha kichwa kielekee moto, akakizungusha taratibu. Alama ya tumboni ikawa inaingia gizani na kutoka. Ya kichwani haikuacha mwanga hata kidogo. Dunia imeinama hivyo, na moto ndio jua, akasema. Sisi tuko karibu na tumbo, ndiyo maana mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Ikifika zamu ya kichwa kuupa moto kisogo, wenzetu wale hukaa gizani.

Nilicheka hadi machozi. Kesho yake nikamwambia baba siolewi na mwongo, na uchumba ukavunjwa.

Baadaye nikampelekea ndizi shangazi, aliyeolewa kwa Waarusha, magharibi ya mlima Meru; sisi tuko mashariki yake. Jioni, saa ambayo kwetu mlima umeshalificha jua na kuku wameingia ndani, yeye alikuwa bado ameanika mahindi juani. Nilisimama pale na mzigo wangu, aibu imenijaa: kumbe jua la kwetu si la kila mahali.

Nilipomweleza bibi, alikichukua kibuyu kilekile. Kisha akasema, "Kijana alikuonyesha kwa kibuyu changu mwenyewe, wewe ukawa unacheka tu. Nenda kamwombe radhi."

Nikaenda. Nikakuta kwao wanapika pombe ya kupeleka kwa msichana mwingine. Anaeli alinisamehe, akanisindikiza hadi njia panda kwa heshima zote. Heshima ile inaniuma mpaka leo. Niliolewa na mtu mwema, simsemi vibaya, lakini kivuli cha mlima kikiingia uani mapema, namkumbuka.

Basi, mwanangu, ukiambiwa jambo hujaliona, usikimbilie kucheka. Sema, "Hebu nionyeshe tena." Mungu akujalie moyo wa kuuliza, akupe na mtu wa kukuonyesha kwa subira, na mtu huyo asikuondokee.